Skii jozi moja, mabuti ya watu wawili: nilivyofunga vishikizo

Hatimaye jozi moja ya skii (mbao ndefu za kutelezea thelujini) za kupandia mlima inatutosha mimi na mke wangu hapa Uswisi. Buti langu lilikuwa likiingia sawasawa kwenye vishikizo, yaani vifaa vinavyobana buti kwenye skii kwa pini za mbele na za kisigino; lake halifiki kwenye pini za kisigino. Skrubu ya kusogeza kipande cha kisigino iliishia njiani, na kutoboa mashimo mapya jirani na ya zamani kunadhoofisha ubao.

Dawa ilikuwa bamba lenye reli chini ya kisigino. Kipande cha mbele cha kishikizo kikabaki palepale. Kazi yote iko kwenye kupima. Namba ya milimita (urefu wa soli) iliyochapwa ubavuni mwa buti haitoshi, maana vitundu vya pini puani havikai mahali pamoja kwa kila buti. Nilibana kila buti mbele, nikatia alama kisigino kinapoishia, kisha katikati ya alama hizo mbili nikaweka katikati ya reli.

Skii zetu zina tabaka la metali, hivyo nikatoboa kwa biti (ncha ya kutobolea) ya milimita 4.1, kina milimita 9. Zisizo na metali hutaka 3.5. Gundi ya mbao kidogo kila tundu, maji yasipenye.

Mkibadilishana, rekebisheni pia nguvu ya kuachia, yaani nguvu inayofanya kishikizo kiliachie buti mtu anapoanguka. Uzito wetu haulingani hata kidogo!