Kumfundisha kijana mwenye ulemavu wa akili kuoga

Familia nyingi humwogesha kijana wao mpaka anakuwa mtu mzima. Wanampenda, na kumwogesha ni haraka kuliko kumngoja. Lakini aliyezoea kuvuliwa nguo na yeyote aliyepo nyumbani atatambuaje anayemshika kwa nia mbaya? Kwa sababu hiyo, afisa ustawi wa jamii akiulizwa na familia ianzie wapi kumfundisha kijana kujitegemea, kuoga ni jibu zuri.

Ukiwa afisa huyo, ziara yako ya kwanza nyumbani ni ya kuuliza tu. Anayemwogesha aeleze kila tendo, nawe uandike kwenye daftari: kuvua nguo, kuchota maji kwa kopo, kujimwagia, kupaka dodoki sabuni, kusugua mikono, kifua, makwapa, sehemu za siri, miguu, kujisuuza, kujifuta, kuvaa. Huna haja ya kumwona akiwa uchi. Hatua za kusugua zifanyiwe mazoezi kwenye mikono na miguu, akiwa amevaa nguo.

Kisha anza na mwisho. Mama afanye yote kama kawaida, ila kuvaa amwachie kijana. Akishaweza bila kukumbushwa siku kadhaa mfululizo, aongezewe kujifuta, halafu kujisuuza, mkirudi nyuma hivyo hivyo. Hapo kila siku anamaliza kazi kwa mkono wake na kusifiwa papo hapo. Ukianzia kwenye kuvua nguo, mengi yanabaki mbele yake na anakata tamaa mapema.

Msaada upungue kidogo kidogo: kwanza unamshika mkono, baadaye unamgusa kiwiko tu, halafu unaonyesha kwa kidole, mwishowe unatamka neno moja. Ukishalitamka, nyamaza uhesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kijana bado anaifanyia kazi "sugua" ya kwanza, anarushiwa "haya basi, jisafishe, fanya haraka", anasimama, wanasema hawezi. Nyumba nzima itumie neno lilelile: mama akisema "sugua" na bibi "osha", kwake ni maagizo mawili.

Kifafa huwapata wengi wenye ulemavu wa akili, kwa hiyo ulizia mapema. Mwenye kifafa aoge amekaa kwenye kigoda kifupi, kwa kopo, mtu akiwa karibu; asiachwe peke yake na beseni lililojaa, na mlango usikomewe kwa ndani. Maji ya moto yachanganywe na mtu mzima kabla hajaingia. Dawa za kifafa zisikatishwe ghafla hata kama hajaanguka muda mrefu, maana degedege linaweza kurudi kwa nguvu na lisikatike.

Akipoteza ghafla hatua aliyokwisha kuijua, usimwite mkaidi. Mkague meno, masikio na ngozi, kisha ulize nani amekuwa akimsaidia bafuni wiki hizo. Swali hilo la mwisho mwulize na yeye mwenyewe, mahali ambapo huyo anayemsaidia hasikii.