Jicho la Mjomba

Palizi ya mikorosho ilikuwa imepamba moto kule Tandahimba. Mjomba alipiga jembe kwenye jiwe, kitu kikamchoma jichoni. Akapangusa machozi, akaendelea kulima.

Nilipomsogelea sikuona kidonda cha kutisha. Kwenye kioo cha jicho palikuwa na alama nyeusi, ndogo kuliko punje ya ufuta, lakini mboni ilikuwa imevutika kuelekea kwenye ile alama, haikuwa duara tena. Jioni jirani alileta maziwa ya mama kwenye kikombe, maana kwetu ndiyo dawa ya kwanza ya macho. Mjomba akayakataa. "Kesho, mjomba, tutakwenda mjini," akaniambia.

Usiku hakulala. Alfajiri kope zilikuwa zimevimba, zimegandana, na barabara ya Mtwara wakati huo ilikuwa bado ya vumbi; kila shimo lilimtoa mguno.

Daktari alimulika tochi, akaniita nione. Chini, mbele ya mboni, kulikuwa na kitu cheupe chenye umanjano, kimetuama, juu yake kumenyooka kama kimepimwa. "Huo ni usaha." Eksirei ikaonyesha kipande cha chuma ndani. Akatueleza kwamba chuma cha jembe huingia na udongo, na kwenye udongo kuna bakteria waitwao Bacillus, ambao wanaweza kuliharibu jicho kwa siku moja au mbili. Ute wa ndani hauna mishipa ya damu, kwa hiyo dawa ya matone haifiki vya kutosha. Akachoma sindano ndani ya jicho lenyewe, vankomisini na seftazidimu, dawa za kuua bakteria, kila moja sehemu ya kumi ya mililita. Kisha ya pepopunda mkononi. Akafunika jicho kwa kitako cha kikombe cha plastiki, kitambaa kisiligandamize.

Niliumia sana moyoni. Huku kwetu ukubwa wa jeraha tunaupima kwa damu, na jicho lile halikutoa hata tone.

Chuma kilitolewa Dar es Salaam. Jicho halikung'olewa, ila kwa upande huo mjomba hutambua mwanga na giza tu. Aliambiwa avae miwani ya kukinga lile lililobaki kila ashikapo jembe. Anaivaa hata akiwa amekaa barazani, na vijana wanaomlimia hawaanzi kazi bila miwani yao.