Fremu (picha kwa sekunde) zimepanda, kadi ni ileile
Wanaocheza gemu za risasi mtandaoni, kabla hamjanunua kadi mpya ya michoro, angalieni RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Kompyuta yangu ilikuja na kipande kimoja cha GB 16. Nimeweka viwili vya GB 8 vinavyosomwa kwa pamoja, na kule kukwamakwama wachezaji wengi wakikutana sehemu moja kumepungua mno. Pale anayelemewa huwa prosesa, si kadi, ndiyo maana kushusha resolusheni (wingi wa nukta za picha), ambayo ni mzigo wa kadi, hakukusaidia kitu! Vivuli navyo nimeshusha, ingawa kivuli cha adui kwenye kona kina faida yake bwana. Halafu wenye skrini za Hz 144 (yaani picha 144 kwa sekunde), hebu fungueni mipangilio. Kwa wengi bado imekaa 60.