Siku yangu moja barabarani: mawe, mahindi na kibao kilichoenda kuuzwa kwa kilo

Saa 11 alfajiri. Simu inaita, ni dereva mmoja wa malori tunafahamiana siku nyingi. "Dada foromani, pale kwenye kona ukishapita Dumila kuna mawe, nimeyakwepa kwa bahati." Basi chai nitakunywa hukohuko. Mimi nipo na mkandarasi mdogo anayefanya matengenezo ya kawaida kipande cha barabara ya Morogoro kwenda Dodoma, kufyeka majani, kuzibua makalavati, kuziba viraka, ila ukitaka ukweli muda wetu mwingi unaishia kuondoa vitu ambavyo watu wamevileta wenyewe.

Saa 12 na kitu. Mawe nimeyakuta, makubwa kama vichwa vya ng'ombe, katikati ya njia ya kushoto. Usiku lori lilipata pancha, taniboi kaweka mawe nyuma ya tairi gari lisirudi, kavunja matawi kayatandaza huko nyuma badala ya kuweka pembetatu za kuakisi mwanga, wamefunga tairi wakaondoka zao, na hapo ndo hasira zangu zinapoanzia, manake kuharibikiwa sio kosa, hata kusimama ukiwa umeharibikiwa sio kosa, kosa ni kuacha nyumba yako ya mawe barabarani ukaenda. Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu 1973 jamani. Na tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kutembea usiku kucha, kwa hiyo jiwe la saa nane usiku siku hizi linaweza kukutana na basi zima la abiria. Tumeyasukuma hadi mtaroni, nimepiga picha, nimetuma kwenye grupu la kazi.

Saa 2. Kibao cha kona kali hakipo. Nguzo imekatwa kwa grenda, safi kabisa, hata haijapindishwa. Kimeenda kwa wa vyuma chakavu, watapima kilo, mtu atapata hela ya ugali siku mbili. Sa fikiria basi la abiria, sheria inaliruhusu kilomita 80 kwa saa likiwa nje ya makazi, dereva mgeni hajui njia, yupo ndani ya spidi yake halali na tochi ya trafiki ya kupima spidi haimdai kitu, anaingia kwenye kona ambayo hakuna aliyemwambia kama ipo. Huyo akianguka wote tutasema "mwendokasi". Nimeacha koni na reflekta za muda, na najua koni nazo zitatembea.

Saa 4. Mahindi! Mwezi wa saba huu kila mtu kavuna, na mkeka, yaani lami, ukipata jua unakausha kuliko turubai lolote, sibishi. Mzee kayaanika hadi karibu na mstari wa katikati, kayazungushia mawe ili magari yasiyakanyage (mawe tena). "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, nipe mpaka saa tisa tu yatakuwa yamekauka." Nikamwambia mzee wangu, bodaboda akiyakwepa anaingia upande wa lori, na akiyapita juu anateleza, na wewe na wajukuu mnakaa hapo kuyageuza mgongo ukiwa kwenye magari. Akanijibu serikali imepitisha barabara shambani kwake. Kweli ilipita. Mimi sina pingu, kukamata ni kazi ya polisi, nilichonacho ni mdomo na vijana wawili wenye mafagio, tukamsaidia kuyahamishia uwanja wa jirani. Alishukuru huku amenuna.

Saa 7. Wali maharage kwa mama ntilie. Kila nikifika swali ni lilelile, mwanangu banda langu lina X, ile alama ya kubomolewa? Namweleza tena. Hifadhi ya barabara kuu, yaani eneo la barabara lisilotakiwa kujengwa, ni mita 30 kila upande kutoka katikati, ndivyo ilivyo chini ya sheria ya barabara ya 2007, zamani ilikuwa 22.5. Aliyekuwa na nyumba yake halali kwenye zile 7.5 zilizoongezeka huyo ana X ya kijani, anatakiwa alipwe fidia ndo atoke. Aliyejenga ndani ya 22.5 ni X nyekundu, hana chake. Banda la mama lipo mita kumi. Anajua, mimi najua, na mimi ndo nakula hapo.

Saa 9. Darajani. Vijana wanachimba mchanga mtoni, karibu kabisa na nguzo. Hapa sikuwa na upole. Januari 2014 mafuriko yalikata barabara hapahapa Dumila, na 2020 daraja la Kiyegeya kule mbele likaenda na maji, foleni ya malori ikawa hadithi ya nchi nzima. Ukichota mchanga chini ya nguzo mvua ikija haina cha kusukuma ila msingi. Walikimbia wameacha machepe, nimempigia mtendaji wa kijiji, kasema anakuja.

Saa 11 jioni tunarudi, kwenye mlima kabla ya Gairo lori limepasua injini, oili imetapakaa njia nzima na pikipiki moja imeshalala chini, kijana kachubuka goti tu. Tukashusha mchanga tuliobaki wa viraka tukaanza kumwaga. Trafiki akafika, akamwandikia dereva faini yake ya 30,000, dereva kachachamaa, eti oili sio kosa lake ni kosa la gari. Afande akamuuliza, "Sasa niiandikie gari?" Vijana wangu walicheka mpaka machepe yakawaponyoka, nikawaambia mwageni mchanga nyie, giza linaingia.