Kabari ya Mninga

Mwaka 2008 nilikuwa fundi mdogo kwenye gereji moja ya Nyakato, hapa Mwanza, ndiyo kwanza naaminiwa kufungua injini bila kusimamiwa. Kazi zetu zilikuwa Hiace za daladala, Fuso za kubeba dagaa na Land Cruiser za watu wa migodini. Asubuhi moja akaja kijana wa Kihindi, mzaliwa wa mjini, Kiswahili chake cha Mirongo kabisa, akamwambia bosi wangu kwamba familia yao inauza ghala la zamani la pamba jirani na reli, na mnunuzi anataka akabidhiwe likiwa tupu.

"Humo kuna gari la babu," alisema. "Watu wa chuma chakavu wameshalipigia bei. Mama kasema kwanza aje fundi aliangalie."

Tukaenda. Lilikuwa nyuma ya mizani ya kupimia marobota, chini ya turubai na rundo la magunia, limepandishwa juu ya magogo, matairi yamevuliwa na kulazwa pembeni. Bosi alivuta turubai upande wa mbele tu. Ilipotokeza boneti ile ndefu, na taa zilizozama ndani ya mabawa, akalitaja papo hapo: "Datsun 240Z. Hili ni gari la Safari."

Mimi silijui. Akanihadithia tukiwa tumesimama vumbini. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za Safari ya Afrika Mashariki kwa gari kama hilo. Mwaka 1973 likashinda tena, usukani ukiwa kwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, ng'ambo tu ya ziwa letu, pembeni yake Lofty Drews. Mwaka huo Mehta alimaliza akiwa na pointi za adhabu sawasawa na za Harry Källström, naye pia yumo ndani ya Datsun, ya aina nyingine, ikabidi kanuni ya kutenganisha washindani itumike. Bosi alikuwa mtoto wakati huo, akifuatilia mbio hizo redioni kwa jirani. Kwa hiyo alipofungua boneti mikono yake ilikuwa na haraka.

Hedi, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda, haikuwapo. Bloki ya silinda sita kwa mstari, ujazo wa cc 2,393, ilikuwa wazi juu, na kila tundu la silinda limezibwa kwa kitambaa cha gunia kilicholowekwa grisi hadi kikawa cheusi. Hedi yenyewe tuliikuta juu ya rafu, imeviringishwa vizuri. Chini ya rafu yamepangwa makopo ya Blue Band, kila moja limefungiwa karatasi kwa waya, maandishi ya penseli: bolti za hedi 14, nati za manifoldi, springi za kabureta ya mbele, springi za kabureta ya nyuma. Nikamwaga kopo la kwanza nikahesabu. Kumi na nne, zote ndani ya oili, hata moja haina kutu.

Bosi hakuwa anaangalia makopo. Alikuwa ameinama mbele ya injini, ananionyesha kwa kidole kipande cha mti kilichokaa katikati ya cheni ya taimingi. Ilikuwa kabari ya mninga, imechongwa kwa panga kisha ikapigwa msasa, na kichwani imefungwa waya ili isije ikatumbukia ndani.

Nieleze, maana hapo ndipo kazi yote ilipo. Kwenye injini hizi cheni inatoka kwenye gia ya juu, iliyo kwenye hedi, inateremka mpaka kwenye krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, na pembeni yake kuna kikaza kinachosukumwa na springi. Ukivua hedi bila kuibana cheni, kikaza kinachomoka, na ili ukirudishe lazima ufungue kava lote la mbele. Anayeijua injini hupigilia kabari kwanza, ndipo avue gia ya juu. Na anayejihangaisha kupiga kabari msasa anategemea kurudi.

Ndani ya sanduku la dashibodi tulikuta karatasi ya mwisho, kwa mwandiko ule ule: "Gasketi ya hedi, Nairobi. Mpaka. Februari 1979." Gasketi ni kile kizibo chembamba kinachokaa kati ya hedi na bloki.

Familia ikakubali tulitengeneze. Habari ilipoenea, gereji ikajaa washauri. Mafundi wenzetu wengi walituambia tutupe injini hiyo, tuchomeke 1G ya Toyota Mark II, tumalize ndani ya wiki. Siwalaumu, spea za 1G zilikuwa kila duka la mtaa. Lakini mimi niliona, na bado naona, kwamba ushauri ule ulikuwa wa kumnyang'anya mtu kazi yake. Aliyeacha kabari ile hakuwa ametupa kazi. Alikuwa ameisimamisha.

Bodi ilitusumbua kuliko injini. Paa la ghala lilikuwa linavuja, na sakafu ya gari upande wa dereva ilikuwa imelika hadi unaona magogo chini. Kibati cha kukalia betri kilikuwa kimeyeyushwa na tindikali. Tulikata tukachomelea bati jipya, tukanyoosha, tukapiga puti kidogo tu, msasa, kisha rangi nyekundu ile ile tuliyoikuta chini ya mkeka wa buti ambako jua halikufika.

Upande wa injini, pistoni ya silinda ya sita ilikuwa imekwama. Matone ya paa yaliipata. Tulimimina dizeli iliyochanganywa na oili ya giaboksi ya otomatiki, tukaiacha inywe, tukawa tunazungusha bolti ya krenki kwa spana ndefu, kidogo mbele kidogo nyuma, bila kugusa stata. Ilipoachia, bosi alipiga kelele gereji nzima ikageuka.

Spea tuliziokota huku na huku. Misheni moja upande wa Sengerema walikuwa na Nissan Patrol mbovu yenye injini ya L28, ndugu wa injini yetu. Tukavuka kwa kivuko cha Kigongo hadi Busisi (daraja halikuwepo bado) tukarudi na pampu ya maji na pampu ya oili. Zote mbili zinaingia bila kubadilisha kitu. Gasketi mpya ya hedi ilikuja na basi kutoka Dar es Salaam, nayo ya L28. Matundu yake ni makubwa kidogo, maana silinda za L28 zina milimita 86 na zetu 83, lakini bolti na njia za maji zinaoana. Mipira ya breki, ringi za pistoni na vifaa vya kabureta alivituma shangazi yao aliyeko Uingereza.

Kabla hatujafunga hedi bosi akasema hataitoa kabari ile mpaka aliyeiweka atafutwe. Akaenda Igogo kwa mafundi wazee, akawa anawauliza nani zamani alikuwa anatumia kabari za mninga. Wa kwanza hakujua. Wa pili akacheka: "Huyo yupo Kisesa, analima mpunga."

Mzee alikuja na mjukuu wake, kavaa koti na kofia. Nikamwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia huku macho yake yakiwa kwenye gari. Bosi na yeye wakasalimiana Kisukuma kwa kirefu, wakaulizana ya nyumbani na ya mvua. Kisha swali lake la kwanza:

"Makopo mliyaona?"

"Tuliyaona, mzee wangu. Hakuna kilichopungua."

Akakaa kwenye tairi akatueleza. Gari lilichemsha maji likitoka Musoma, gasketi ikaungua. Gasketi ilikuwa Nairobi, lakini mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, Jumuiya ilipovunjika, na fedha za kigeni za kuagizia kwingine hazikupatikana. Halafu vita vya Kagera. Malori ya watu yalikuwa yanachukuliwa kubeba askari na chakula, na lori la tajiri wake lilipokwenda, yeye akaenda nalo kama fundi. Ndiyo maana aliziba silinda kwa grisi. Alikuwa bado mjini mwishoni mwa Machi ile ndege ya Libya ilipokuja kuipiga Mwanza, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua wanyama. Siku chache baadaye msafara wao ukaondoka. Aliporudi, ghala lilikuwa na kufuli na mwenye gari kahamia Kanada. Mpaka ulipofunguliwa mwaka 1983 yeye alikuwa ameshahamia kwenye kilimo.

Akavua koti. Macho hayakuwa mazuri tena, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nashusha hedi, yeye akiwa ameshika waya wa kabari. Gia ya juu ilipokaa na bolti yake ikakazwa, akaivuta kabari kwa mkono mmoja. Cheni ikakaa. Kikaza hakikusogea.

Alituzuia kuwasha haraka. Plagi zitolewe, stata izungushe injini tupu hadi geji ya oili ipande. Tukafanya. Plagi zikarudi, waya zikafungwa kwa mpangilio wake: moja, tano, tatu, sita, mbili, nne. Ikakohoa moshi wa grisi, ikazima. Mara ya pili ikawaka na kubaki inawaka, ikipepesuka, mpaka nilipochukua kipande cha mpira, upande mmoja sikioni, mwingine mdomoni mwa kabureta, nikawa nasikiliza ya mbele na ya nyuma hadi mivumo yao ikalingana. Mzee alikuwa ameweka kiganja juu ya kava la valvu. Alinitikisia kichwa nikaacha.

Mama wa yule kijana alikuwepo. Mzee akamgeukia. "Baba yako alinilipa nusu. Nusu nyingine ilikuwa siku gari litakapowaka."

Yule mama hakuuliza ushahidi. Aliuliza leo hiyo nusu ni kiasi gani. Mzee akamuuliza bosi fundi wa sasa anatoza nini kwa hedi ya silinda sita, bosi akataja, na mama akamlipa yote, siyo nusu, akamshika mkono na kumshukuru kwa kuwa mwaminifu kwa baba yake miaka yote hiyo. Nilifurahi kuliko siku nilipolipwa mimi.

Gari lina viti viwili, kwa hiyo bosi ndiye aliyemrudisha mzee Kisesa kwa barabara ya Musoma, mjukuu nikapanda naye Hiace. Kabla ya kufunga mlango mzee aliniita dirishani.

"Likishatembea kidogo, fungua kava la juu ukaze bolti za hedi upya. Injini iwe baridi. Anzia katikati, nenda nje pande zote mbili. Gasketi mpya hujikandamiza."

Wiki iliyofuata nilifungua. Zile za katikati zilizunguka karibu robo ya mzunguko kabla hazijakaza.