Mwanga wa njia moja: atomi zimeanza kutembea

Jana usiku mistari miwili ya grafu yangu iliachana kwa mara ya kwanza. Mmoja ni mwanga unaopita ukitokea kushoto, mwingine ukitokea kulia, na kwa wiki tatu ilikuwa imelaliana kabisa.

Kwa anayeanza kunifuatilia leo: naandika programu ya Python inayopitisha mwanga kwenye tabaka za atomi za rubidi, aina ya metali. Tabaka zimeachana nanomita 390, nusu ya wimbi la nanomita 780 ambalo atomi hizo hulinyonya. Nataka mwanga upite upande mmoja na uzuiwe upande wa pili, bila sumaku. Njia iliyozoeleka hutumia athari aliyoigundua mwanafizikia Faraday mwaka 1845, ya sumaku kuugeuza mwelekeo wa mtetemo wa mwanga, nayo haiendi bila sumaku, ambayo huzivuruga atomi zenyewe.

Wiki tatu zote nilikuwa nikizipanga tabaka bila ulinganifu, nene huku, nyembamba kule, nikiamini hilo lingetosha. Halitoshi. Zikiwa zimetulia, kinachopita kwenda ni sawasawa na kinachopita kurudi, uzipange utakavyo. Kinachoweza kutofautiana ni kinachoakisiwa na kinachonyonywa. Nilisaka kosa kwenye programu usiku baada ya usiku, kumbe programu ilikuwa inasema kweli.

Basi nikazipa mwendo: mita 5 kwa sekunde, mbio za mtu wa kawaida. Kwa wimbi hili, kila mita moja kwa sekunde husogeza frikwensi ambayo atomi huiona, yaani idadi ya mitetemo ya mwanga kwa sekunde, kwa megahezi 1.28 (megahezi moja ni mitetemo milioni). Mwanga unaozifuata atomi kwa nyuma huzifikia ukiwa umeshuka megahezi 6.4, unaozijia usoni umepanda 6.4. Pengo ni 12.8, na kanda ya frikwensi ambayo rubidi huinyonya ina upana wa takriban megahezi 6 tu. Mbio za mtu, dhidi ya kitu kiendacho kilomita 300,000 kwa sekunde, na zinatosha!

Kilichonifurahisha zaidi ni namna ya kuzisogeza. Leza mbili zinazotazamana hujenga ngazi ya mwanga inayoshika atomi. Zikitofautiana frikwensi kidogo, ngazi hutembea. Kwa mita 5 kwa sekunde tofauti inayohitajika ni 12.8, namba ileile. Ukiipanda ngazi hiyo, leza zote mbili utaziona na frikwensi moja.

Kilichobaki ni joto. Tabaka zinatembea, lakini ndani yake atomi zangu bado hazitikisiki, ilhali rubidi ya joto la chumbani hukimbia huku na huko, kwenye mstari wa mwanga pekee, kwa kama mita 170 kwa sekunde. Jumamosi naanza kuziongezea mtikisiko, kidogo kidogo, nione mistari ya grafu itakutana tena wapi.