Nilivyoandaa faili la binamu yangu mpaka likafika The Hague

Nina steshenari Kimara: mashine mbili za kopi, kompyuta moja na skana. Sheria sikusomea. Lakini kuna familia bado zinalia na ushahidi wao uko uvunguni mwa kitanda, ndiyo maana naandika.

Binamu yangu alipigwa risasi tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, baada ya alasiri. Alikuwa na miaka 22. Intaneti ilikuwa imezimwa, jioni ikatangazwa amri ya kutotoka nje. Tulimtafuta kwa miguu hadi siku ya tatu, tukamkuta mochwari.

Kijana aliyembeba alituletea shati lake kwenye mfuko wa nailoni. Shangazi akalisukuma uvunguni na hakuna aliyethubutu kuligusa. Nilipolitoa wiki mbili baadaye, kola ilikuwa imeanza kuota ukungu. Damu ikifungiwa kwenye nailoni inaoza, na vipimo vinaweza kuharibika. Nikalianika kivulini juu ya karatasi safi, likakauka, nikalitia kwenye bahasha kubwa ya kaki. Nje nikaandika nani alilileta, lini, na nani amelishika tangu hapo. Sikulifua, na tundu lililo chini ya kwapa la kushoto sikuligusa.

Video nayo ilikuwa imezunguka WhatsApp mpaka imechujuka, saa na tarehe yake ya awali vimepotea. Nikamwomba yule kijana simu yenyewe, nikanakili faili asili kwenye flashi mbili. Moja haikai Dar es Salaam.

Kilichonichosha zaidi ni maelezo. Shangazi alitaka niandike kwamba alimtuma mwanawe dukani.

"Andika nilimtuma unga, baba."

"Shangazi, ulimtuma?"

Akanyamaza muda mrefu, anavuta ncha ya kanga. Kisha akasema, "Alikwenda kuandamana. Aliniaga."

Nikaandika hivyo hivyo. Nilimwambia kwamba kuandamana hakumwondolei mtu haki ya kuishi, na kwamba uongo mmoja kuhusu unga ungetosha kuliangusha shati, video na shahidi. Tulirudia maelezo yake mara nne. Alichokiona mwenyewe tukakiweka ukurasa wake. Alichoambiwa, ukurasa mwingine, na nani alimwambia. Mashahidi tuliwapa namba, majina yao yako mahali pengine kabisa. Hilo tulijifunza kwa majirani zetu Wakenya. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, watu zaidi ya 1,100 walikufa, kesi zikafika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) kule The Hague, Uholanzi, lakini ya Uhuru Kenyatta ikaondolewa Desemba 2014 na ya William Ruto ikakatishwa Aprili 2016, huku waendesha mashtaka wakilalamika kwamba mashahidi walikuwa wakivurugwa.

Siku ya arobaini ndipo wakili mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alipotueleza njia zilizopo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iko hapo Arusha, lakini Tanzania ilijitoa Novemba 2019 kwenye tamko lililowaruhusu wananchi kuifuata moja kwa moja. Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo iko Arusha, inapokea, ila ndani ya miezi miwili tu. Tulikuwa tumebakiwa na wiki tatu. Shangazi alikataa, maana kesi ile inasikilizwa hadharani na shahidi wetu anaishi mtaa huu huu. Sikumlaumu, na mpaka leo naona aliamua vizuri.

Ikabaki ICC. Tanzania iliridhia Mkataba wa Roma, ulioiunda mahakama hiyo, mwaka 2002, na mtu yeyote anaweza kumpelekea Mwendesha Mashtaka wake taarifa, bila ada. Ofisi yake huzitunza kwa siri. Ila kifo kimoja hakitoshi. Lazima ionekane kwamba raia walishambuliwa kwa wingi au kwa mpango. Faili letu ni tofali moja tu kwenye ukuta huo, na shangazi nilimwambia hivyo mapema asije akangoja hukumu kesho.

Tena mahakama hiyo haiingii kama nchi yenyewe inachunguza kwa dhati. Kwa hiyo tulibisha hodi kwenye ofisi zote za hapa nchini. Kila barua nilitoa kopi mbili, na ya kwetu lazima igongwe muhuri wa kupokelewa. Mara tatu shangazi alirudishwa bila muhuri, mara ya nne akakaa kwenye benchi mpaka saa tisa, wakagonga. Barua isiyojibiwa lakini yenye muhuri ni ushahidi mkubwa kuliko hata nilivyodhani.

Nilituma kupitia tovuti ya ofisi ya Mwendesha Mashtaka usiku, mtandao ukiwa na nafuu: kurasa 31, picha za shati, video, na cheti cha kifo. Jibu lilikuja kwamba wamepokea. Shangazi aliomba nimchapie, nimwekee na laminesheni. Amelitundika chumbani kwake, siyo sebuleni.

Jumatatu iliyofuata alikuja dukani na mama mwingine wa mtaa wa pili, aliyeshika mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Nikamwamkia shikamoo, nikatandaza karatasi safi mezani, nikatoa bahasha ya kaki.